Kuvua Samaki Pwani: Maji Yaendayo na Kurudi

Mto Athi hupita katika nchi ya Machakos, ukashuka mpaka Tsavo, ukabadili jina na kuitwa Galana, na mwisho huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi, ambako watu huuita Sabaki. Mtu aliyezoea kuvua kambare mtoni kwao ayajua maji yaendayo upande mmoja tu. Afikapo pwani kwa likizo ya Desemba, na mshipi wake mkobani, hukuta maji ya namna nyingine, ambayo huenda, kisha hurudi. Asiyejua saa ya kurudi kwake aweza kukosa samaki, tena aweza kupoteza maisha yake.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Toka kupwa hata kujaa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo huchelewa kama dakika 50, kwa kuwa maji hufuata mwezi zaidi ya jua. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, nayo huitwa maji ya bamvua. Wakati huo pale Mombasa tofauti ya maji ya juu na ya chini hupita meta 3, yaani huzidi kimo cha mlango wa nyumba. Mwezi uwapo nusu, maji husogea kidogo tu, na wavuvi husema ni maji mafu.

Sasa yafaa mgeni aangalie sana jambo hili. Siku za bamvua, pande za Mombasa, maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo mgeni amekwisha kunywa chai na kutoka kutembea. Huona miamba mbali baharini imekauka, na mchanga kati yake na pwani umebaki na maji ya kifundo cha mguu, kana kwamba ni njia iliyotengenezwa kwa ajili yake. Huenda mpaka ukingoni, akatupa ndoana yake kwenye kina kirefu, akafurahi.

Lakini maji yarudipo hayaji kwanza mahali asimamapo. Hupenya katika milango iliyo kati ya miamba, yakajaza bonde lililo nyuma yake, huku miguu yake ingali mikavu. Wala hayapandi kwa mwendo mmoja. Ikiwa yatapanda meta 3, saa ya kwanza hupanda kama robo ya meta tu, jambo limfanyalo mtu asijali. Lakini saa ya tatu na ya nne hupanda kama robo tatu ya meta kila saa. Ageukapo ndipo aonapo kwamba njia aliyoijia imekuwa mto wenye nguvu. Kwa hiyo mtu aliye mwambani yampasa kuondoka kabla maji hayajaanza kugeuka, hata kama samaki wanakula vizuri. Halmashauri ya Bandari huchapa orodha ya saa za maji, lakini njia iliyo rahisi zaidi ni kumwendea mvuvi pwani na kusema, "Shikamoo mzee, maji yajaa saa ngapi leo?"

Tena hapana haja kubwa ya kwenda mwambani. Samaki wengi hufuata maji yanapojaa, wakija kutafuta chakula karibu na nchi kavu. Mtu asimamaye mchangani jioni, maji yakiwa yanapanda, aweza kupata changu, chaa, au hata kolekole. Vyombo ni vichache: mshipi wa nailoni, ndoana ndogo, na chubwi ya risasi ya kushikiza chambo chini. Chambo kizuri ni vipande vya ngisi au kamba wabichi. (Mkamba asichukizwe asikiapo hivyo, jina hilo pwani ni la mnyama mdogo wa baharini mwenye masharubu marefu.) Mshipi usizungushwe mkononi kamwe, maana kolekole avutapo kwa ghafula, nailoni hukata nyama ya vidole.

Akinaswa samaki ajivimbishaye kama mpira, huyo ni bunju. Arudishwe baharini. Sumu yake huua, wala haiondoki kwa kupikwa. Miguuni mtu avae viatu vya mpira, kwa sababu ya taa mwenye mwiba mkiani, na samaki mwingine afananaye kabisa na jiwe. Aliyechomwa atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali upesi.

Si kila mahali paruhusiwapo kuvua. Katika mbuga za taifa za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, na ile ya Mombasa ya mwaka 1986, ni marufuku kabisa. Kwingineko wavuvi wana kamati za kutunza fuo zao, ziitwazo BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007. Huko ndiko mgeni aulize kama yampasa kupata kibali, na ni wapi asipoharibu mitego ya watu ambao kazi hiyo ndiyo riziki yao.

Toka Mombasa hata Machakos ni zaidi ya kilomita 400, na samaki mbichi havumilii joto la njiani. Asiyekuwa na barafu ampasue samaki wake mgongoni, amtoe matumbo, amtie chumvi nyingi na kumwanika juani mpaka akauke kabisa. Watu wa pwani humwita ng'onda, naye hupikwa kwa nazi baada ya kuloweshwa ili chumvi ipungue.