Usingizi wa mgonjwa wa kiharusi si uvivu

Katika vijiji vya Mbulu na Hanang, mtu akipatwa na kiharusi, jamaa huutazama mkono uliolegea, mguu usiokanyaga na ulimi uliokuwa mzito. Majirani hufika, dua huombwa, na siku mgonjwa anaposimama kwa mkongojo tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Usiku wake, hata hivyo, haulizwi. Huenda anakesha hadi karibu na alfajiri, kisha mchana kutwa anasinzia na Adhuhuri inampita. Ndipo maneno yanapoanza: amekuwa mvivu, amekata tamaa, ana jini.

Ndugu zangu, mara nyingi hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Ubongo huohuo ndio unaopanga saa za kulala na kuamka, na ndio unaoongoza pumzi. Ukijeruhiwa, mgonjwa aweza kukosa usingizi, kulala kupita kiasi, au kugeuza usiku kuwa mchana.

La hatari zaidi ni pumzi kukatika usingizini, jambo ambalo wataalamu wamelikuta kwa zaidi ya nusu ya waliopata kiharusi. Misuli ya koo hulegea na njia ya hewa hufunga. Aliyekuwa akikoroma hunyamaza ghafla kwa sekunde 10 au zaidi, kisha hushtuka akitweta. Kila hewa inapokatika, shinikizo la damu hupanda, na shinikizo la damu ndilo mlango mkuu wa kiharusi cha pili.

Basi anayelala karibu na mgonjwa na asikilize. Ahesabu pumzi inakatika mara ngapi, aandike saa za kulala na za kusinzia, na siku ya kliniki amweleze daktari, iwe Haydom, Mbulu mjini au Katesh. Mgonjwa asilazwe chali. Kulala kwa ubavu, ambako ni Sunna kwa upande wa kulia, humsaidia kupumua. Ikiwa upande wa kulia ndio uliopooza, bega litegemezwe kwa mto, mkono usilaliwe. Asipewe vidonge vya usingizi vya kununua dukani, kwa kuwa huzidi kulegeza koo. Asubuhi atolewe juani, jioni asinywe kahawa wala chai ya rangi, na dawa za shinikizo asiziache.

Kuhusu ibada, Sheria imemwondolea lawama aliyelala mpaka aamke. Akiamka ataswali, kwa kukaa au kwa kulala ubavu akishindwa kusimama. Mwamsheni kwa upole.

Tusimsahau pia mke au binti anayekesha naye. Yeye ndiye anayeisikia pumzi hiyo, lakini kwa uchovu hushindwa hata kuisimulia. Wana wa kiume nao washike zamu za usiku. Hiyo nayo ni ihsani kwa wazazi.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.