Kalemie: Sinema ya chini ya nyumba inaanza na maji, si na televisheni

Ukishuka ngazi saba nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja wa sekondari, kwenye mteremko wa kilima unaotazama ziwa Tanganyika, unaingia katika chumba cha mita 5 kwa 4. Pazia ni vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja. Ukutani kuna televisheni ya inchi 50. Jioni ya siku ya posho, watoto wanane walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakingoja filamu. Mwenye nyumba ameomba jina lake lisitajwe, maana hataki avenyi nzima ije kubisha hodi.

Wazo lilimjia usiku wa tarehe 7 Februari 2024. Leopards walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na wenyeji Côte d'Ivoire. Kabla ya mchezo wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia ikumbuke vita vya mashariki mwa Kongo. Yeye hakuona. Umeme ulikuwa umekatika nyumbani, na alipofika kwenye sale ya video watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Tulifungwa 1-0. Lakini kilichomkosesha usingizi si bao lile: ndani, katika giza na joto, aliwakuta watoto wake wawili aliodhani wamelala.

Nafasi alikuwa nayo. Anayejenga kwenye mteremko hulazimika kuinua msingi upande wa bondeni, na chini ya sakafu hubaki uwazi ambao wengi huuachia makaa, mabati ya zamani na kuku. Alitaka kuchimba zaidi ili apate kimo. Fundi masoni alikataa, na alikuwa na haki: ukiondoa udongo unaoshika msingi, ukuta wote wa juu unaweza kushuka pamoja na watu waliolala ndani. Wakabaki na kimo cha mita 2 na sentimeta 10. Mtu mrefu anainamisha kichwa mlangoni, basi.

Kosa lake lilikuwa la haraka. Alinunua televisheni kwanza, ikaja kwa boti kutoka Kigoma, akaifunga kwenye ukuta ulioegemea kilima. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokolea, ukuta ule ukaanza kutoa jasho, lipu ikavimba kama andazi, na asubuhi moja televisheni haikuwaka tena. Pesa za miezi mingi zilikwenda hivyo.

Kwa wanaokaa chini kabisa, kando ya ziwa, jibu ni fupi: msichimbe. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni Lukuga, hapa hapa Kalemie. Mwingereza Cameron alipita kwenye mlango huo mwaka 1874. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi na kukimbilia Lualaba. Ziwa hili linapanda na kushuka tangu zamani. Mwaka 2020, na tena 2024, wakaaji wa pwani waliona maji yakiingia nyumbani. Ziwa likipanda, maji ya ardhini hupanda nalo, na chumba ulichokichimba kinageuka kisima.

Kilimani maji yanatoka juu, na hayo yanaweza kuongozwa. Fundi alichimba mtaro nje, nyuma ya ukuta, kwa vipande vifupi vifupi na bila kupita chini ya msingi. Ukuta ukapigwa lipu ya simenti upande wa udongo, kisha ukapakwa gudroni tabaka mbili. Chini ya mtaro akalaza bomba lenye matundu, likishuka sentimeta 1 kila mita, akalifunika kwa changarawe. Sasa maji ya kilima yanazunguka nyumba na kutokea kwenye mfereji. Kupaka rangi upande wa ndani peke yake ni kuficha kidonda. Maji yataisukuma rangi hiyo na kuibandua.

Kuna jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya kabla ya kutoa hata franka moja. Bandika kipande cha plastiki ukutani, ukizibe pande zote nne kwa skochi, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka kwenye udongo. Yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba, na hapo unahitaji tundu la hewa tu. Yeye alilifanya katikati ya mvua. Wakati wa jua kila ukuta ni mkavu.

Umeme wa Kalemie unatoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, nao unakatika bila kuaga. Hesabu ya mwalimu ni hii: televisheni yake inakula kama wati 100, kwa hiyo filamu na habari, saa 3, ni wati-saa 300. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inashika 1200, lakini betri ya risasi ukiitumia kupita nusu inazeeka upesi. Zinabaki 600, zinazotosha hata akiongeza taa na spika. Mradi wa projekta aliuacha, kwa sababu nyingi hula wati 200 au 300.

Jirani alimpa wazo la kuweka gurupe ndani ya chumba ili lisiibwe. Hapa siwezi kusema kwa upole. Moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, na katika chumba cha chini inaua watu waliokaa wakidhani ni usingizi tu. Kulifungulia mlango hakutoshi. Gurupe likae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na madirisha.

Kuhusu sauti, wengi wanabandika trei za mayai. Hazizuii kelele kumfikia jirani. Zinapunguza mwangwi kidogo na zinashika moto haraka. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na mlango usio na nyufa. Vitenge na mkeka vinatosha kwa mwangwi. Besi ndiyo hupita popote, kwa hiyo saa 3 za usiku anaizima.

Filamu walizochagua watoto zilikuwa za mapigano, zimetafsiriwa na msimuliaji kwa Kiswahili, ufundi ambao Tanzania inaukumbuka kwa jina la Lufufu na Kenya kwa DJ Afro. Baba yao angependa waangalie habari kwanza. Walipiga kura, akashindwa.

Kabla sijaondoka alinionyesha jambo moja ambalo bado linamsumbua: chumba kina mlango mmoja tu. Fundi atarudi kutoboa ukuta wa bondeni na kuweka dirisha ambalo mtoto anaweza kutokea. Mpaka hapo, watoto wakiwa ndani, mlango hauwekwi komeo.