Ganda la Dhahabu Dhidi ya Saratani ya Tezi Dume

Mwanamume anapoambiwa ana saratani ya tezi dume, hofu humjia mara mbili: kwanza ugonjwa, kisha tiba. Upasuaji na mionzi huokoa maisha ya wengi. Lakini tezi hiyo imepakana na mishipa ya fahamu na njia ya mkojo hupita katikati yake, hivyo wapo wanaopona saratani wakabaki na tatizo la kushindwa kuzuia mkojo au la kupungukiwa nguvu za kiume.

Njia mojawapo ya kuepuka madhara hayo imetoka Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani. Miaka ya 1990, Naomi Halas na wenzake walianza kutengeneza chembe zenye kiini cha silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, kisha wakakivika ganda la dhahabu. Akishirikiana na mhandisi Jennifer West, mwaka 2003 Halas alionyesha kuwa chembe hizo, zikimulikwa kwa mwanga, huweza kuua seli za saratani ya matiti maabarani. Zile zinazotumika katika tiba zina kipenyo cha nanomita 150 hivi. Seli nyekundu ya damu huzizidi upana zaidi ya mara 40.

Uwezo wa chembe hizi unatokana na unene wa ganda. Mwanga ukiipiga dhahabu, elektroni zake hutikisika kwa pamoja, na nishati ya mwanga hugeuka joto. Ganda likiwa jembamba vya kutosha kulingana na kiini, chembe hunyonya mwanga wa infraredi wa karibu nanomita 800, usioonekana kwa macho. Damu na maji ya mwilini huunyonya mwanga huo kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo hupenya nyama bila kuiunguza.

Mgonjwa hutiwa chembe hizo kupitia mshipa wa damu. Mishipa inayolisha uvimbe hukua ovyo na huvuja, nazo chembe hupenya humo na kurundikana. Kisha daktari, akiongozwa na picha za MRI na ultrasaundi, huingiza nyuzi za leza hadi penye saratani. Dhahabu hupata moto, seli zilizo jirani nayo hufa.

Matokeo ya wagonjwa 16 wa jaribio la tiba hii lililofanyika katika hospitali ya Mount Sinai, New York, yalichapishwa mwaka 2019. Tiba ilifanikiwa kukamilishwa kwa 15, na hali yao ya mkojo na ya tendo la ndoa haikubadilika kwa kiwango cha maana.

Idadi hiyo ni ndogo. Isitoshe, sehemu kubwa ya chembe huishia kwenye ini na wengu, kwa hiyo wagonjwa wanahitaji kufuatiliwa kwa miaka. Tena leza hutibu uvimbe ambao bado umo ndani ya tezi tu. Afrika Mashariki, wanaume wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa. Hata mashine za tiba hii zikifika huko, watakaofaidika ni wale waliopimwa mapema.