Kusomea maendeleo endelevu: Somo linaanzia kwenye mteremko wa mkulima

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wakulima na wafanyabiashara wadogo wenye watoto waliofaulu hukutana na majina ya kozi ambayo hayakuwapo enzi zao. Ualimu, udaktari na sheria vinaeleweka. Lakini kijana akisema anataka kusomea maendeleo endelevu, usimamizi wa mazingira au maendeleo vijijini, mzazi anayelipa ada kwa kuuza mahindi au kahawa huuliza: huko ni kusomea nini, na sisi tuliobaki shambani tutafaidika vipi?

Ni swali la haki. Msemo wenyewe ulienea mwaka 1987, baada ya ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway wakati huo. Tume ilieleza kuwa ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Kwa lugha ya shambani, ni kula mavuno bila kugusa mbegu.

Fundisho la Uluguru

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, kipo Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Milima hiyo yenyewe ni kitabu cha somo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa huko kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo.

Nia ilionekana njema, lakini hesabu haikuwa ya mkulima. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji ulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiozaa. Mwaka 1955 zilizuka vurugu Matombo, na mpango ukaachwa. Mwanafunzi wa maendeleo endelevu anajifunza hapo jambo la kwanza: utaalamu usiomlipa mtu anayeshika jembe haudumu.

Ngoro za Wamatengo

Mfano wa upande wa pili upo Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo wamelima milima yenye miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia majani yale. Matokeo yake ni shimo lililozungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi.

Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Magugu yanayotupwa humo huoza na kuwa mbolea. Hakuna afisa aliyewalazimisha kufanya hivyo.

Hata hivyo, ngoro nazo zina gharama. Chukua mfano wa hesabu wa mashamba mawili ya ekari moja mlimani. La kwanza halina kinga. Linatoa magunia 8 mwaka wa kwanza, kisha linapungua gunia moja kila mwaka kwa sababu udongo unahama. La pili lina ngoro na linatoa magunia 7 kila mwaka. Mwaka wa kwanza mwenye ngoro anaonekana amepata hasara. Mwaka wa tatu wote wawili wamefikisha magunia 21. Mwaka wa tano, asiye na kinga amevuna jumla ya magunia 30 na mwenye ngoro 35.

Lakini kama kazi ya ziada ya kuchimba, ambayo kwa kawaida humwangukia mwanamke, ina thamani zaidi ya magunia hayo 5, familia itaziacha ngoro hata kama udongo unaharibika. Hesabu hizo mbili, ya udongo na ya jasho, ndizo kiini cha masomo haya.

Kahawa iliposhuka

Jambo hilo lilijitokeza Mbinga baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Chama kikuu cha ushirika cha wilaya kilianguka, pembejeo zikapanda bei, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ikaporomoka. Baadhi ya wakulima waliteremka kufungua mashamba mapya kwenye misitu ya miombo, ambako kulima kulihitaji nguvu ndogo.

Kati ya mwaka 1999 na 2004, SUA ikishirikiana na Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani (JICA) iliendesha mradi ulioanza kwa kuchunguza maarifa ya wenyeji. Katika kijiji cha Kindimba wananchi walijenga kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji. Usimamizi ulikabidhiwa kamati iliyopewa jina la sengu, desturi ya Wamatengo ya ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo yao. Kinu kinahitaji maji, na maji yanahitaji msitu. Kwa hiyo kupanda miti na kulinda vyanzo kulianza kuwa na maana mfukoni.

Mzazi aulize nini?

Elimu hii ina soko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mingi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Halmashauri, vyama vya ushirika na wanunuzi wa kahawa yenye vyeti nao wanahitaji watu wa kuunganisha shamba, soko na mazingira. Hata hivyo, shahada peke yake si ajira, na mkopo wa serikali wa elimu ya juu ni deni linalorejeshwa.

Kabla ya kuuza ng'ombe, mzazi aulize mambo matatu. Je, kozi ina mafunzo ya vitendo vijijini, na kwa muda gani? Je, wanafunzi wanafundishwa uchumi na utunzaji wa hesabu, au mazingira peke yake? Je, wahitimu waliotangulia wanafanya kazi gani?

Na kijana akirudi likizo, apewe daftari na shamba la nyumbani. Aandike siku za kazi za kila mtu, akiwamo mama yake, gharama za pembejeo, magunia yaliyovunwa na mahali maji ya mvua yanapopita. Akiweza kuonyesha kwa tarakimu shamba hilo litatoa nini baada ya miaka mitano, ada inafanya kazi yake.