Bunia, siku ya mshahara

Mishahara ya walimu inapotoka, foleni kwenye benki za Bunia, mji mkuu wa Ituri nchini Kongo, huanza kabla milango haijafunguliwa. Mwalimu amefika na pikipiki kutoka Djugu au Irumu, vumbi jekundu hadi kwenye kola ya shati, kadi ya kazi mfukoni. Nauli anaitoa kwenye mshahara huohuo. Mtandao ukikatika, anaomba pa kulala kwa ndugu, na kesho yake anapanga mstari upya huku darasa lake kijijini likikaa bila mtu. Hata hivyo, yeye ana nafuu. Mwenzake wa darasa la pili ni NU, yaani jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Zamani alilipwa na wazazi. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, akakosa huku na huku.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mahali pazuri pa kazi ni pa namna gani, namuuliza kwanza: mshahara unatoka tarehe ngapi?

Wazee wa miji ya migodi ya Bambu na Mongbwalu wana jibu lao kuhusu mahali pazuri pa kazi: Kilo-Moto. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903, kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926, baadaye ikawa OKIMO, leo ni SOKIMO. Ilikuwa na kambi za wafanyakazi, shule, hospitali na posho. Ukiwasikiliza wakisimulia, utadhani ilikuwa peponi. Lakini enzi za Wabelgiji wanaume wengi walipelekwa migodini kwa nguvu kupitia machifu wao, na vijiji vikalazimishwa kulima chakula cha kulisha kambi. Nyumba nayo ilikuwa ya kampuni. Aliyeachishwa kazi alihama na watoto wake. Kwa maoni yangu, hakuna anayeutamani ule mgodi. Wanachokitamani ni kujua kwamba mtoto akishikwa na homa usiku, daktari yupo na hadai pesa kwanza. Wafanyakazi wa SOKIMO wa miaka hii wamekuwa wakidai malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi.

Kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hakuna hata mshahara wa kudai. Mwenye shimo huitwa PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa ya Kinshasa, ingawa ofisi yake ni turubai. Anatoa chakula na vifaa. Mchimbaji anasubiri mgao baada ya gharama kukatwa, na anayepiga hesabu ya gharama hizo ni PDG mwenyewe.

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inataja saa 45 kwa wiki na likizo ya uzazi ya wiki 14. Ni sheria nzuri, kwa mwenye mkataba.

Halafu kuna usalama. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, ilishambuliwa, watu wengi sana wakauawa. Wahudumu walionusurika walikimbia kwa miguu pamoja na wagonjwa hadi Oicha, wakaendelea na tiba huko. Tunawasifu, na wanastahili. Ila naogopa waajiri wanaotumia moyo wa namna hiyo kama sababu ya kutompa muuguzi wa leo nauli ya pikipiki. Zamu ikiisha saa mbili usiku na yeye anakaa Mudzipela, afadhali zahanati impe chumba chenye komeo na chandarua, aondoke alfajiri. Hilo halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Mwenye mkataba naye asilale. Mchango wake wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 ya mshahara, na wapo waajiri wanaoukata kila mwezi bila kuufikisha unakotakiwa. Nenda ofisi ya CNSS na namba yako, uombe kuonyeshwa miezi iliyolipwa, tena ungali kijana.