Kwa Nini Kiu Inafika Kabla ya Pombe

Msomaji wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, ameniandikia kuhusu kaka yake aliyeacha gongo tangu Pasaka na sasa anahudhuria mikutano ya watu walioacha pombe. "Wanakaa kwenye viti, wanaongea, wanakunywa chai. Maneno yanafanya kazi gani kwenye ubongo, dada?"

Habari za ini naziacha. Mabango ya hospitali yanatosha. Kinachonisisimua ni namna kiu inavyofika kabla ya pombe yenyewe.

Katika miaka ya 1990, huko Fribourg nchini Uswisi, mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipogusa ulimi. Nyani alipozoea kwamba taa huwaka kwanza, msisimko ukahamia kwenye taa, na juisi ikawa haizishtui tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zilinyamaza, zikashuka chini ya kiwango chao cha kawaida.

Fikiria kijiji cha huko juu Kinole, ambako fuso la bidhaa za mjini hupanda siku ya soko. Wiki ya kwanza watoto hushangilia mzigo unaposhushwa na biskuti kuonekana. Wiki ya tatu wanashangilia honi ikilia kwenye kona. Baadaye wanatoka mbio wakisikia tu dereva akibadilisha gia kule bondeni, na biskuti zikitolewa hakuna anayeruka: furaha ilishamalizika njiani. Lakini honi ilie, kisha fuso ligeuze lirudi mjini! Huzuni ya siku hiyo inazidi ya siku ambayo gari halikusikika kabisa.

Tofauti hiyo, kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, wengine huiita kosa la utabiri. Silipendi. Hakuna aliyekosa, na tofauti yenyewe yaweza kuwa ya ziada, ya upungufu au sifuri. Mimi nasema salio la matarajio, na mhariri akilikata nitalirudisha makala ijayo.

Kwa mnywaji, honi ni harufu ya kangara, muziki wa kilabu, siku ya mshahara, sauti ya rafiki fulani. Marufuku ya viroba ya Machi 2017 ilinyamazisha honi moja iliyokuwa ikining'inia kila kioski.

Kuacha pombe hakuifuti honi. Fuso likipita wiki baada ya wiki bila kusimama, watoto wataacha kukimbia. Sasa wapeleke likizo kwa bibi yao Matombo: honi ikilia, hao wanatimka. Walichojifunza ni kwamba kwao halisimami, basi. Mwanasaikolojia Mark Bouton ameonyesha jambo hilo kwa panya kwa miaka mingi: mafunzo mapya hayafuti ya zamani, na hubaki yamefungamana na mahali yalipopatikana. Ndiyo maana mtu anakaa soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi, miezi kadhaa, anatoka safi, anashuka stendi ya Msamvu, na kabla hajatua begi kiu imeshampokea.

Mwaka 2002 watafiti Bradley Collins na Thomas Brandon waliwajaribu watu kwa bia. Waliwaonyesha na kuwanusisha tena na tena bila kuwapa, mpaka hamu ikashuka. Walipowahamishia chumba kingine, hamu ikarudi, mate nayo yakarudi. Waliopewa vitu walivyokuwa wamevizoea katika chumba cha kwanza, hali yao haikurudi kwa kiasi kile.

Hapo nikaanza kuitazama mikutano upya. Alcoholics Anonymous (AA), chama cha watu walioacha pombe, wana desturi ya kumpa mtu kipande kama sarafu kwa muda aliokaa bila pombe. Kwangu hicho ni chumba cha mkutano kilichotiwa mfukoni. Namba ya simu ya mlezi, yaani mwanachama wa siku nyingi anayekushika mkono, ni vilevile. Na kuhudhuria kumbi mbalimbali kunayafungua mafunzo yasibaki mahali pamoja. Hapa naunganisha mwenyewe. Panya hawana walezi.

John Kelly wa Harvard amefuatilia njia nyingine: sehemu kubwa ya faida ya mikutano hutokana na mtu kubadilisha marafiki. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa 2020, wenye tafiti 27 na watu 10,565, uliona kwamba kwa kuacha kabisa mpango wa AA haupitwi na tiba nyingine, na mara nyingi huzipita. Tafiti nyingi ni za Marekani, lakini tuendelee.

Anayekunywa kila siku aanzie hospitali, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua. Kisha, hapo Morogoro, aulizie mikutano kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwa waliopitia soba hausi, ambazo Zanzibar zilianza mwaka 2009 zikifuata hatua 12 za AA. Ipo pia mikutano ya kwenye intaneti. Ada hakuna, sharti ni nia ya kuacha.

Asipoona mkutano, watu wawili wanatosha kuuanzisha. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York, alisimama kwenye ukumbi wa hoteli mjini Akron, baa ikimwita upande mmoja, simu ikiwa upande wa pili. Akampigia simu kiongozi wa kanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Kesho yake akakutanishwa na daktari Bob Smith, aliyekuja kwa masharti ya dakika 15 na akakaa saa kadhaa. Smith aliteleza mara moja baada ya hapo, kisha tarehe 10 Juni akanywa bia yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo AA wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao.