Kioo cha Kansanga, bati la Walikale

Simu ikianguka kwenye lami ya Ggaba Road, Kansanga, swali la kwanza la fundi ni moja: tachi bado inakubali? Anapitisha kidole polepole, pembe hadi pembe. Ikikubali, mteja, mara nyingi mwanafunzi wa Kampala International University, atalipia kioo cha juu tu. Ikikataa mahali hata pembamba kama uzi, bei inapanda, maana huenda skrini nzima ikabadilishwa.

Tofauti hiyo ya bei imebebwa na kitu kisichoonekana kwa macho: utando wa oksidi ya metali mbili, indiamu na bati. Katika tachi nyingi ndio unaopitisha umeme bila kuzuia mwanga. Kwa kawaida asilimia 90 ya uzito wake ni oksidi ya indiamu, 10 ni ya bati. Bati huongeza elektroni, lakini ni kama chumvi kwenye mchuzi: likizidi, umeme hupita kwa shida. Kasoro ya utando huu ni kwamba haupindiki. Ufa mmoja tu, njia ya umeme imekatika.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha RMIT, Melbourne, walionyesha njia nyingine. Waliyeyusha indiamu na bati kwenye nyuzi joto 200, wakachukua utandu unaojitanda juu, kama ule wa maziwa yaliyochemka, wakauchapa. Unene wake ni nanomita 1.5. Unapindika, na humeza asilimia 0.7 tu ya mwanga, wakati ule wa kawaida humeza 5 hadi 10. Tena hauhitaji mashine ghali za ombwe. Watafiti wanasema unaweza kuchapwa kama gazeti.

Malighafi ndiyo yenye mashaka. Indiamu hupatikana katika uchenjuaji wa zinki, na China, mzalishaji mkubwa, iliiwekea udhibiti wa mauzo ya nje Februari 2025. Mwezi uliofuata mgodi wa bati wa Bisie, Walikale, mashariki mwa Kongo, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia, ulisimama waasi wa M23 walipokaribia; ulirejea kazini Aprili. Uganda nayo ina bati Isingiro, ila hapa Kansanga madini hayo hurudi yakiwa ndani ya skrini za kuagizwa.

Utando mpya ukifika madukani, vioo vitaendelea kuvunjika na fundi ataendelea kuvibadilisha. Kitakachopungua ni tachi zilizokufa, yaani ile kazi ya bei kubwa.